Mashine Inayokubali

Shemeji yangu aliponiambia kwa mara ya tatu kwamba mashine yake "inakubali", nilitamani kumfungia yeye mwenyewe kwenye boksi nimrudishe dukani kwake.

"Shemeji, sijauliza kama inakubali," nilisema. "Nimeuliza kama inasahihisha."

"Si ndiyo hiyo hiyo."

Si hiyo hiyo hata kidogo. Mimi ndiye fundi wa kompyuta hapa hospitalini, na wodi ya watoto njiti ilikuwa imenusurika chupuchupu. Memori ya seva kuukuu, kompyuta kuu inayotunza rekodi za wagonjwa, iliteleza, moja kwenye dozi ikageuka tisa, na muuguzi akashtuka dawa ikiwa tayari kwenye sindano. Nikaapa kwamba seva mpya itakuwa na memori inayojisahihisha, ile inayokamata kosa dogo na kulirekebisha kabla halijamfikia mtu. Mdogo wangu akasikia, akamtuma mumewe na seva kutoka dukani kwake. Udugu nao una mitego.

Nilichomeka memori zinazojisahihisha kwenye mashine yake palepale mezani. Ikawaka vizuri, shemeji akatabasamu kama bwana harusi. Nikafungua taarifa za mfumo, nikamwonyesha mstari mmoja: usahihishaji, hakuna. Madabodi, ule ubao mkuu wa mashine, ilizikubali memori, ila kazi yake ya kusahihisha haikuijua.

"Hayo ni maandishi tu, shemeji, yasikusumbue."

Nilimwomba aende nyumbani kabla sijasema neno la kujutia.

Jioni mama akapiga simu. "Shemeji yako yuko hapa, analalamika. Kwani mashine yake ina kasoro gani?"

"Inasema ndiyo, halafu haifanyi."

"Hata marehemu baba yako alikuwa hivyo, na tuliishi. Mkubalie, mwanangu. Usivunje nyumba ya mdogo wako kwa sababu ya chuma."

Nilimweleza habari za sindano. Akarudia kwa upole: mkubalie. Kuna watu watakubembeleza mpaka ujione wewe ndiye mkorofi.

"Haya, mama. Nimekubali."

Akanibariki, akakata simu. Asubuhi niliagiza seva kwa muuzaji mwingine, baada ya kuuona ule mstari kwa macho yangu ukisema usahihishaji upo. Kisha nikampigia shemeji aje achukue boksi lake.

"Si mama amesema umekubali?"

"Nimekubali, shemeji," nikamwambia. "Kama mashine yako."