Bata Mwenye Pete

Clémentine alikwenda kwenye tamasha la wawindaji wa bata akiwa na kisu chake mwenyewe, chupa ya mawese na shabaha moja tu: kupata kazi ya jikoni. Mengine yote ya siku ile hakuyaelewa, na mimi simlaumu. Yapo mambo katika nchi hii ambayo hata wenyeji huyatazama kwa jicho la pembeni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashariki ya Johannesburg, mwendo wa saa moja kwa gari, kuna bwawa lililozungukwa na matete na kinamasi, vlei kama wanavyoita wenyeji, na pembeni yake kuna kituo cha kutunza ndege. Kituo kilitaka mpishi. Msimamizi wake, mwanamke wa Kitswana aitwaye Tumu, alikuwa ametangaza kwamba atamchagua kutoka miongoni mwa watakaojitolea siku ya tamasha. Clémentine alikuwa amesuka nywele mtaa wa Yeoville, mjini Johannesburg, miaka kumi na tisa, na dawa za kulainisha nywele zilikuwa zimemla kifua. Nesi wa kliniki hakumpambia maneno. Alimwambia achague, saluni au mapafu. Mumewe Évariste alikuwa mlinzi wa getini, na mshahara wa getini unajulikana. Basi mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Clémentine aliinama, Jumamosi ya mwezi wa sita, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi.

Aliyempeleka ni Emiliana, mteja wake wa siku nyingi. Emiliana ni mwenyeji wa Morogoro. Aliolewa huko na kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni wakati wa ukombozi, akaja naye aliporudi kwao, akamzika, akabaki na nyumba Midrand na darubini ya kutazamia ndege. Kila mwaka alijitolea kwenye tamasha hilo kuandikisha wageni.

"Mama Exaucé," alisema akiwa kwenye usukani, akimwita Clémentine kwa jina la mwanawe, "ile fomu umeijaza?"

Clémentine akageukia dirisha. Fomu ilikuwa ndani ya mkoba wake, imekunjwa mara nne, mwaka wa pili sasa. Emiliana ndiye aliyemletea kutoka kwa shirika linalotafuta watu waliopotea vitani. Kaka yake Clémentine, Ignace, aliondoka Bukavu mwaka 2011 kwenda Shabunda kuchimba dhahabu. Kijiji alimokuwa kikavamiwa, na tangu hapo hakuna salamu wala kaburi. Kila Mkongo mgeni aliyekaa kwenye kiti chake cha kusukia aliulizwa habari za Ignace. Kumuuliza mgeni ni kitu kimoja. Kuuliza kwa karatasi, ofisi ikajibu kwa karatasi, ni kingine. Alikuwa anaogopa, na alijua kwamba anaogopa.

"Nitaijaza, Dada," alisema. Jibu hilo Emiliana alikwishalipokea mara nyingi.

Huko bwawani Clémentine alikuta wanaume waliovaa makoti ya rangi ya tope. Hema moja lilijaa bunduki, na hema la jirani yake lilijaa watoto wakifundishwa kumpenda chura. Juu ya maji walielea bata ambao alidhani ni wa kweli mpaka upepo ulipompindua mmoja akaonyesha tumbo la plastiki. Kwenye jukwaa mzee wa heshima, mwenye miwani na tai, alipuliza filimbi akilia kama bata jike, na waamuzi watatu wakamsikiliza kwa makini kama wanaopima kesi, kisha wakampa alama nane.

"Dada Emiliana, sielewe. Hawa batu banapenda bata ao banabachukia?"

"Wanawapenda."

"Na bunduki ni ya nini?"

"Ya kuwapigia. Wanalipa kibali, wanapiga kwa idadi, na pesa ya kibali ndiyo inayotunza matete. Bila hawa, bwawa hili lingekuwa maghala ya kampuni zamani. Usinihoji sana, mwenzangu. Mwaka wa kwanza hata mimi kichwa kiliniuma. Ukikwama, uliza. Kuuliza si ujinga."

Clémentine aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni aliazimia kwamba hataulizauliza. Anayetaka kazi ya jikoni hawezi kuonekana hajui jikoni.

Saa nne Tumu alipita kwenye hema la upishi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye redio ya mkononi iliyokuwa inamkatiza kila sentensi. Alisema kwa Kiingereza cha polepole, na Clémentine alikielewa neno kwa neno: ndani ya makasha mawili ya bluu mna bata waliogandishwa, awatoe kwenye barafu walainike, saa nane wageni watakusanyika. Redio ikalia, Tumu akaenda zake.

Clémentine akafungua makasha. Bata kumi na wanne, na manyoya yao yote.

Sasa hapa lazima nieleze kitu, maana asiyekijua atamwona Clémentine ni mpumbavu. Kwao Bukavu mwanamke akikabidhiwa bata hapewi maelekezo. Akiuliza "nimfanyeje?", anayeaibika si yeye, ni mama yake aliyemlea. Bata aliyekufa, aliyetolewa kwenye barafu, na wageni wanakuja saa nane: aliyebakia na swali hapo ana kasoro. Clémentine akabandika maji.

Aliwanusa mmoja mmoja. Wawili hakuridhika nao, akawarudisha kwenye kasha la pili, chini ya barafu. Kumi na wawili akawamwagia maji ya moto, akawanyonyoa. Vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimegawanya nywele za nusu ya Yeoville, vilikwenda haraka vikitafuta risasi ndogondogo chini ya ngozi na kuzichomoa. Kwa bata wa saba, mdogo, mwenye mdomo mwekundu, vidole vilikuta kitu kigumu kwenye mguu, chini ya tope lililokauka. Akasugua. Ilikuwa pete ya bati, nyembamba, yenye namba.

Akashtuka. Kwao watu hufunga kitambaa mguuni mwa kuku ili wasigombane: chekundu ni cha mama fulani, cheusi ni cha jirani. Mguu uliofungwa una mwenyewe. Na kama kitambaa tu ni ushahidi, je, pete, tena yenye namba? Huyu hakuwa bata wa porini hata kidogo. Alikuwa bata wa mtu, labda wa tajiri, kafugwa, kapendwa, na sasa yuko uchi mikononi mwa mgeni kutoka Kongo. Alitazama huku na huku. Akaivua pete, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akamkata yule bata vipande na kumchanganya na wenzake. Najua haikuwa sawa, na yeye alijua. Kwa haraka ile akajikata kidole.

Kisha akapika, na kupika alijua. Vitunguu, nyanya, tangawizi, mawese, pilipili kiasi kwa ajili ya Wazungu. Saa saba na nusu harufu ilikuwa imetoka hemani na kuwafikia waamuzi wa filimbi.

Saa nane kamili akaingia Steve, mkuu wa chama cha wenye mbwa, jitu la sharubu za kijivu, na mbwa watatu weusi nyuma yake. Akafungua makasha ya bluu. Akafunga. Akafungua tena.

"Bata wako wapi?"

Clémentine akafunua sufuria kwa fahari.

Steve alitazama sufuria, akamtazama Clémentine, akawatazama mbwa wake, ambao peke yao walielekea kufurahi. Akamwita Tumu. Tumu akaja mbio, na Emiliana akaja nyuma yake na karatasi za kuandikishia zikiwa bado mkononi. Watu wazima wanne wakasimama kuizunguka sufuria kama kwenye kilio.

"Dada, banasema nini?" Clémentine alinong'ona.

"Eish! Mama Exaucé, wale bata walikuwa wa mbwa."

"Mbwa banakula bata mzima?"

"Hawali. Wanarushiwa. Bata anarushwa majini, mbwa anamfuata, anamleta bila kumjeruhi. Ni maonyesho, ili wawindaji wajifunze kutoacha ndege aliyepigwa apotelee matetini."

Clémentine alilipanga jambo hilo kichwani hatua kwa hatua. Wanamuua bata. Wanamgandisha. Wanamlainisha. Wanamrusha tena majini akiwa maiti. Mbwa anamrudisha. "Na kiisha?"

"Wanamzika, nadhani."

"Banazika chakula?"

Tumu alikuwa amefumba macho, vidole kwenye paji la uso. "Wageni themanini wako kwenye viti," alisema. "Nilikuambia uwalainishe tu. Kwa nini hukuuliza?"

Hapo Clémentine aliiona kazi ikiondoka. Aliiona waziwazi, akaona saluni, ile harufu ya dawa, na usiku wa kukohoa. Maji yalikwisha mwagika. Lakini palikuwa na lile kasha la pili. "Babili bako," alisema, kisha akajitahidi kwa Kiingereza: wawili wapo, wale wenye harufu. Steve akafukua barafu, akawatoa, akawanusa, akacheka kwa mara ya kwanza. Kwa mbwa, alisema, harufu ndiyo mali. Wawili wangetosha, wangerushwa kwa zamu. Akatoka nao, na baada ya muda makofi yakasikika kutoka bwawani.

Tumu akabaki. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka, na uchovu wa bosi ni mbaya kuliko hasira yake. "Nashukuru kwa kujitolea," alianza, kwa sauti ile wanayoitumia watu wanapoanza kukunyima kitu.

Clémentine angeweza kunyamaza. Pete ilikuwa mfukoni, bata alikuwa mchuzi, nani angejua? Lakini alifikiri: kazi nimekwisha kuikosa, nisirudi kwa Évariste na wizi juu ya hilo. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa pete, akapiga goti moja.

"Dada, umwambie. Kulikuwa bata ya mutu ndani. Ilikuwa na alama ya mwenyewe. Nimeipika. Nitamulipa mwenyewe, hata kwa kumusuka mwaka muzima, lakini anisamehe."

Kabla Emiliana hajaeleza, Tumu alikwishaichukua pete. Aliifuta kwa mate na upindo wa shati. Akaisoma namba. Akatoa simu, akatafuta kitu kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye nyasi, katikati ya manyoya.

"Huyu ni wangu," alisema.

Clémentine alipotafsiriwa neno hilo, akapiga na goti la pili. Ole wake! Kati ya watu wote, mwenye bata ndiye mwenye kazi.

"Inuka, inuka," Emiliana alimvuta. "Si wa kufuga. Sikiliza kwanza."

Tumu alisimulia akiitazama pete. Miaka minane iliyopita alikuwa mwanafunzi, naye akijitolea bila malipo kwenye bwawa hilo hilo. Huyu alikuwa ndege wa kwanza aliyewahi kumvisha kwa mkono wake pete ya namba, ile ya kufuatilia safari za ndege. Alimwachia alfajiri, akaruka kuelekea kaskazini, na hajaonekana tena. Kila kipupwe Tumu alijiuliza yuko wapi. Sasa amejua. Alikuwa amerudi. Alipigwa msimu uliopita, karibu kabisa na hapo, na wanaume wa Steve walimgandisha bila kumtazama miguu. Alisema haya machozi yakimtoka, na alikuwa anatabasamu.

Clémentine alichanganyikiwa kuliko wakati wowote wa siku ile. Aseme pole au aseme hongera? Mbele yake mtu aliyeletewa habari ya kifo alikuwa anashukuru.

"Umuulize," alimwambia Emiliana, na safari hii hakuona aibu ya kuuliza. "Kujua kama amekufa, hiyo njo inamufurahisha?"

Emiliana akauliza, kwa sauti ndogo. Tumu akaifumba pete kiganjani.

"Hainifurahishi," alisema. "Inanipumzisha."

Akasimama, akapangusa suruali, akachukua sahani. Alikula bila kujua kipande kipi ni cha nani. Alipomaliza alisema kazi inaanza Jumatatu ya wiki ijayo, kwa masharti mawili. La kwanza, kila ndege atakayeletwa na wawindaji apite mikononi mwa Clémentine kabla ya kuingia kwenye barafu, maana vidole hivyo vimeona ambacho macho ya wanaume kumi hayakuona. La pili, akipewa kitu, aulize.

Wageni walipotoka kwa mbwa, walikomba sufuria mpaka chini. Steve alirudi mara tatu.

Njiani kurudi mjini Emiliana aliimba, akasimulia, akacheka peke yake, akaiga uso wa Steve. Clémentine alikaa na mkoba mapajani. Alikuwa na kazi. Kifua chake kingepona. Alijua anapaswa kufurahi, na alifurahi, lakini neno moja la Tumu lilikuwa limemkaa kooni kama mfupa. Bata, mnyama wa mchuzi, alikuwa na mtu aliyemngoja miaka minane akitaka tu kuambiwa. Na Ignace?

Robot, kama wenyeji wanavyoita taa ya barabarani, la kuingilia mtaa wa Observatory likawaka nyekundu, Emiliana akasimama. Clémentine alifungua mkoba, akaitoa ile fomu, akaikunjua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akailainisha juu ya paja. Mstari wa kwanza uliuliza jina la anayetafutwa.

"Dada," alisema, "uko na kalamu?"

Emiliana alipekua mlangoni, chini ya kiti, ndani ya mkoba wake, akaipata, akampa. Nyuma yao watu walipiga honi, maana taa ilikwisha kuwa kijani.