Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Siti binti Tawakali aliingia uani na sanda kwapani, analia kwa sauti iliyokwisha kukauka njiani, na baba yake alikuwa amekaa mkekani anakunywa uji.

Nilikuwapo. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mzee na kamera yangu, nimetoka kumpiga picha kikombe kikiwa mdomoni. Siti alikwama pale penye mlango wa ua. Kilio kikakatika. Mzee Tawakali alimtazama binti yake, akalitazama lile furushi jeupe, akakiweka kikombe chini taratibu.

"Hiyo sanda ya nani?"

"Yako, baba."

"Haya, iweke ndani. Haiozi."

Siti alikaa chini palepale, juu ya mchanga, na gauni lake la kazini. Alicheka, akalia, akacheka tena, mpaka Bi Batuli, mke wa mzee, akamletea maji. Siti aliyapokea bila kumtazama aliyeyaleta.

Ilikuwa miaka ile ambapo kila kitu kilikuwa kimepata ruhusa ya kuuzwa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, sasa tulinunua maji ya chupa na muda wa maongezi wa vocha. Kaka yangu Valerian na mimi tukaona tuuze habari za mji wetu. Magazeti yalifika Lindi yamekwisha kuchoka, na ndani yake Lindi haikuwamo. Tukakodi chumba nyuma ya duka la steshenari, tukanunua kompyuta ya mtumba iliyonguruma kama mashine ya kukoboa, tukafungua tovuti. Tuliandika nani kaoa, nani kalazwa, mvua imekata barabara wapi, korosho za msimu zimetokaje. Waliotusoma hawakuwa Lindi. Walikuwa watoto wa Lindi walioko Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Muskati, wanaosoma kazini wakati bosi katoka.

Hatukugombania habari. Tuligombania nani atulishe. Mimi nilitaka wasomaji wenyewe watuchangie, kila mtu kwa uwezo wake, ili tusimwogope mwenye duka yeyote. Valerian aliniona mtoto.

"Nata, mtu halipii salamu za kwao," aliniambia. "Wenye maduka ndio watatulipa, na wenye maduka wanataka watu wengi. Na watu wengi wanakuja kwenye nini? Harusi wanatazama ndugu. Msiba wanatazama wote."

Akaondoka na nusu ya wasomaji wetu, akafungua tovuti yake, akaiita Lindi Motomoto. Yangu ilibaki na jina letu la mwanzo, Upwani. Jioni tulikula ugali sahani moja kwa mama, hatuzungumzi kazi. Asubuhi kila mmoja alikimbia kufungua tovuti ya mwenzake aone kapitwa na nini. Sikuwa nikilala vizuri. Nilikuwa nikisikia mwadhini anatangaza msiba msikitini, moyo unanidunda, si kwa huruma, bali kwa haraka. Na mimi Mkristo niliyelelewa kuinamisha kichwa jina la marehemu linapotajwa.

Mzee Tawakali alikuwa fundi cherehani wa Mikumbi. Watoto wa mtaa ule, sisi wote, tulivaa sare za shule zilizopita mikononi mwake. Mke wake wa kwanza alipofariki, alimwoa Bi Batuli kabla ya arobaini ya marehemu kutimia. Watoto wake wawili, Siti na Majid, walisoma dua ya arobaini ya mama yao, wakafunga mizigo, wakahama na hasira zao. Siti alikwenda Dar es Salaam, Majid Mombasa. Tangu hapo hawakukanyaga Lindi, wala hawakupiga simu.

Kifua kilipomzidia mzee, nilimwandika kwenye Upwani. Niliandika kwa uangalifu: anaumwa, anawauliza wanawe. Habari ilikuwa ya kweli, neno kwa neno. Hakuna aliyejibu. Baadaye Siti aliniambia aliisoma, akaifunga, akaendelea na kazi.

Kisha Valerian akapigiwa simu na mtu wake wa hospitalini kwamba Mzee Tawakali ametolewa wodini kafunikwa shuka. Kweli alikuwapo Tawakali aliyetolewa wodini, lakini alikuwa wa kijiji cha Rutamba, mkulima, hana habari na sisi. Kaka yangu hakuuliza. Alijua nikimtangulia msiba ule nimemtangulia mwezi mzima. Akaweka picha ya zamani ya mzee na cherehani yake, akaandika tunasikitika kutangaza, akamalizia na yale maneno anayoyaweka kila mara: mazishi yanasubiri watoto wa marehemu.

Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu tangu jana yake. Uliporudi adhuhuri nikafungua, nikaisoma tanzia iliyowekwa tangu jana. Nilikuwa nimempita mzee asubuhi ile ile, yuko barazani anawafukuza kuku. Lindi yenyewe haikujua kwamba Mzee Tawakali amekufa. Waliojua ni walioko mbali tu, na chini ya ile tanzia walikuwa wanamwaga rambirambi kama mvua. Mmoja kaandika dua nzima kwa Kiarabu.

Nilinyakua kamera, nikaenda mbio. Sitaficha: nilikuwa na furaha. Picha moja tu ya mzee na uji wake, na Lindi Motomoto ingezikwa badala yake. Ndivyo nilivyokuwa ninawaza Siti alipoingia.

Alipotulia, mzee aliniita karibu. Nilikuwa nimekwisha kuaga.

"Binti, picha hiyo unaipeleka wapi?"

"Kwenye mtandao, mzee. Watu wajue u mzima."

"Na Majid?"

Siti akasema Majid yuko njiani, mwenyewe alimpigia kutoka kituo cha basi Mombasa, analia kama mtoto. Akaingiza mkono mkobani atoe simu amweleze kaka yake. Mzee alimshika mkono.

"Usimpigie." Kisha akanigeukia. "Na wewe usiseme mpaka afike."

"Mzee wangu, kazi yangu ni kusema."

"Kwani nimekwambia useme uongo? Nimekwambia unyamaze." Alikohoa muda mrefu, Bi Batuli akimshika mgongo. "Nilipokuwa hai hawakuja. Niache nife kidogo."

Nilirudi mjini miguu haitaki. Picha ilikuwa ndani ya kamera na mimi niliihisi kama kaa la moto mfukoni. Nilipofika chumbani nilimkuta Valerian ameketi kwenye kiti changu, shati limelowa jasho. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba mzee yu hai.

"Nakwenda kuifuta ile tanzia," alisema. "Nilitaka nikwambie mwenyewe kabla hujaniandika."

"Usifute, kaka."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa naye. "Unataka nizame mpaka shingoni ndipo uniandike. Sawa. Hata mimi ningefanya hivyo."

Ilibidi nimweleze ombi la mzee mara mbili. Kila saa ambayo ile tanzia ilibaki, aibu yake iliongezeka, na mimi ndiye niliyekuwa ninamwomba aibebe. Alisugua magoti. Mwishowe akauliza, "Amesema hivyo? Nife kidogo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi na iwe."

Tulisubiri pamoja, mahasimu wawili kwenye chumba kimoja. Wasomaji walianza kuniandikia kwamba nimelala, msiba mkubwa namna ile Upwani haina hata mstari. Nilifungua ile picha mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kila mara kidole kilifika kwenye kitufe, nikakiondoa.

Majid alifika siku ya pili yake, kabla ya swala ya adhuhuri. Hakulia wala hakucheka. Alimwona baba yake amekaa mkekani, uso ukamkakamaa.

"Mmenichezea," alisema. "Nimekuja kuzika. Sikuja kusalimia."

Akageuka. Siti alimshika shati, shati likachanika bega. Majid alitoka mpaka barazani, akakaa, mgongo kaupa mlango. Mzee alijiburuza na mkeka wake mpaka kizingitini, akauzungumzia mgongo ule. Sikusikia yote. Nilisikia jina la mama yao. Nilisikia akisema, "Niliogopa nyumba tupu, Majid. Sikuwa na ujasiri wenu." Mgongo haukujibu. Lakini haukuondoka, na jioni ilipoingia, mzee aliomba uzi na sindano, akamshonea mwanawe shati akiwa amelivaa vilevile.

Valerian aliandika masahihisho mwenyewe usiku ule. Tumekosea. Mzee Tawakali yu hai. Hakutia sababu. Nilingoja kuona Lindi Motomoto ikianguka, ikapanda. Watu walicheka, wakaitana waje waone, na wenye maduka wakafuata watu. Upwani niliifunga kabla mwaka haujaisha. Hata leo ninaandika barua za wateja palepale steshenari, na sijui bado kama nilishindwa na kaka yangu au na msimu.

Mzee Tawakali alifariki masika yaliyofuata. Safari hii Valerian alikwenda nyumbani, akashika mkono wa baridi, akatoka, akanijia akaniomba nimwandikie tanzia. Niliandika. Wasomaji wakajibu kwa vicheko: hatudanganyiki mara mbili. Watu wa mbali hawakuja. Wakaja wa mtaani, na Siti, na Majid, ambaye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea baba yake.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, nilikuwa ndani pamoja na wanawake. Bi Batuli alikuwa amekaa chumbani, kajifunika kitambaa cheupe. Majid alisimama mlangoni pa chumba, udongo mpaka kwenye viwiko. Tangu aliporudi Lindi sikuwahi kumsikia akimwita mke wa baba yake kwa jina lolote.

"Mama," alisema, "maji ya kunawa yako wapi?"

Wanawake wawili waliinuka kumwonyesha. Bi Batuli aliwazuia kwa mkono, akainuka, akaenda kumchotea.