Shangazi wa Kundi la Nne

Chuo cha wauguzi kilipompokea alikuwa na miaka arobaini na sita, na darasa zima lilikuwa la watoto wa kuwazaa. Miaka kumi na tisa ya maisha yake ilikuwa imeishia wodi ya wazazi, akipiga deki, akimwaga mabeseni na kukusanya mashuka yaliyolowa. Madaktari walizungumza juu ya kichwa chake. Wakunga walibishana mbele yake, naye ameinama na tambara mkononi. Hakuna aliyemwambia apishe, maana hakuna aliyeona kwamba yupo. Hivyo alijifunza mengi, na kuliko yote alijifunza kunyamaza.

Mumewe alipofariki na binti yao wa pekee akahamia mji mwingine kikazi, nyumba ilipoa. Akajiandikisha shule ya watu wazima, akarudia mtihani wa kidato cha nne mara mbili, akapita. Watu walidhani anatafuta cheo. Hakumwambia mtu kwamba alitaka pia mahali ambapo asubuhi kuna mtu wa kumuuliza, "Umeamkaje?"

Walimuuliza, tena kwa adabu zote. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, wanangu." Basi, wakapita zao. Jina lilimganda tangu wiki ya kwanza. Lilikuwa jina la heshima, na heshima yenyewe ilimtenga, kama mgeni anayewekewa kiti kizuri sebuleni huku wenyeji wote wako jikoni wanacheka.

Mkufunzi wa ukunga, mama mmoja mfupi wa maneno machache, hakupenda kuhubiri mbele ya ubao. Wiki ya tatu aligawa darasa katika makundi ya watu watano. Kila kundi lilipewa karatasi yenye kisa cha mgonjwa na nusu saa ya kujadili, kisha mmoja wao asimame aeleze.

"Mimi nimeshasoma," alisema. "Sasa someshaneni."

Kundi la Nne lilikuwa na kijana wa ndevu zilizochongwa, ambaye wenzake walimwita Profesa kwa jinsi alivyopenda kusema "kitaalamu". Alikuwepo msichana wa miwani, na marafiki wawili waliolala chumba kimoja bwenini. Wa tano ni Shangazi. Kabla hawajakaa sawa, Profesa alishajiteua mwenyekiti.

"Shangazi, wewe una mwandiko mzuri. Utakuwa katibu wetu."

Hakuna aliyewahi kuuona mwandiko wake. Akachukua kalamu.

Kisa kilikuwa hiki: mama amejifungua salama, nusu saa imepita, damu inatoka kwa wingi. Mfuko wa uzazi ni laini, umepanda juu na kuegemea kulia. Mtafanya nini? Vijana wakarukia. Aitwe msaidizi, mfuko ukandwe, sindano ichomwe, dripu itundikwe. Shangazi akaandika yote, mpaka kalamu yake ikasita kwenye yale maneno, "kuegemea kulia". Alikuwa ameyasikia mara ngapi! Mkunga mkuu wa wodi ile alikuwa akigusa tumbo la mzazi, anauliza, "Huyu amekojoa?" na yeye Shangazi anatumwa mbio kuleta beseni. Kibofu kikijaa kinausukuma mfuko pembeni, nao unashindwa kujibana.

"Hapa nadhani..." alianza.

Msichana wa miwani alikuwa katikati ya sentensi yake. Akageuka. "Samahani, Shangazi. Ulikuwa unasema?"

Nyuso nne zilimtazama kwa upole, zikimsubiri amalize upesi.

"Nauliza tu kama neno hili nimeliandika sawa."

Profesa alisimama akaeleza vizuri, mkono mmoja mfukoni. Mkufunzi akamsikiliza hadi mwisho. "Mfuko umeegemea kulia. Nani kausukuma?" Kundi la Nne wakatazamana. Sauti ikatoka Kundi la Pili: "Kibofu kimejaa!" Wakapigiwa makofi.

"Kundi la Nne," mkufunzi alisema, "mama yenu bado anatoka damu."

Saa ya chai vijana walitoka wakilaumiana. Shangazi alibaki kukusanya karatasi. Mkufunzi akaichukua ile ya kundi lao, akaisogeza karibu na macho. Pembeni kulikuwa na neno dogo lililokatwa kwa mstari: kibofu.

"Nani kaandika hili?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Kumbe ulijua. Mbona hukusema?"

"Walikuwa wanaongea wenyewe."

Mkufunzi alivuta kiti akakaa. "Sikiliza, dada yangu. Ungekuwa hujui, ningekufundisha. Lakini unajua halafu unakaa kimya! Mgonjwa atakufa mikononi mwako na jibu unalo." Kisha akashusha sauti. "Na mimi nina kosa. Nimemwacha mwenye sauti kubwa awaburuze."

Shangazi alienda chooni akafungulia bomba, akanawa uso mara tatu. Kilichomuuma si kukaripiwa. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka kumi na tisa angeweza kusema, na hakuna hata siku moja alipohesabu kwamba kimya chake nacho ni kitendo.

Kipindi kilichofuata mkufunzi alikuja na mfuko wa maharage. Kila mtu akapewa punje tatu. Ukichangia hoja, unaweka moja katikati ya meza. Zikikuishia, unasikiliza. Na kundi halimalizi mpaka punje zote ziwe mezani. Uenyekiti ukaenda kwa msichana wa miwani, ukatibu kwa Profesa. Za Profesa ziliisha dakika ya tatu. Alikaa amefumba midomo kama mtu aliyeunguzwa na chai.

Kisa kilihusu mtoto mchanga aliyepoa mwili. Meza ilipotulia, Shangazi alisukuma punje yake ya kwanza. "Alazwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi." Kalamu ya Profesa ikakimbia. Akaweka ya pili. "Nguo yenye majimaji itolewe, avishwe kofia." Sasa sauti yake ilikuwa imepata mwendo. Akaweka ya tatu. "Halafu aogeshwe maji ya uvuguvugu, apate joto. Sisi tulikuwa tunayachemsha mapema."

"Hapana, Shangazi," alisema msichana wa miwani. "Asiogeshwe. Siku nzima ipite kwanza. Maji yanampokonya joto."

"Miaka yote tumeogesha!"

"Zamani, ndiyo. Sasa hapana. Ona hapa." Akamgeuzia kitabu.

Shangazi alisoma ule ukurasa, masikio yakimwaka. Lakini lile "hapana" halikuwa na shikamoo ndani yake. Lilikuwa hapana la mtu anayebishana na mwenzake.

"Na ile damu aliyozaliwa nayo, je?"

"Shangazi, umeishiwa maharage!" mmoja wa wale marafiki alipiga kelele, wote wakacheka, na Shangazi pia. Yule rafiki akamsogezea punje. "Haya, chukua langu."

"Anafutwa na kukaushwa tu," msichana akajibu, na Profesa akaandika.

Walifanya vizuri siku ile. Kengele ilipolia Profesa alianza, "Eti Shangazi, huko wodini..." simu yake ikaita, akatoka nayo. Wengine wakamfuata kwenda kunywa chai.

Mchana ule alipofika nyumbani alimpigia binti yake.

"Mama, kuna tatizo?"

"Hakuna. Leo nimekosolewa darasani."

"Pole, jamani! Nani huyo kakukosea adabu?"

"Wala. Nimekosolewa vizuri, mwanangu."

"Kukosolewa vizuri ndiyo nini? Mama, naingia kikaoni. Nitakupigia."

Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, simu mapajani. Binti hakupiga siku ile, wala kesho yake.

Ijumaa alikuwa kwenye benchi la nje ya darasa akijisomea, kivuli kikaangukia kitabu chake. Msichana wa miwani alikuwa amesimama, daftari kwapani.

"Shangazi, sogea kidogo. Profesa anasema kondo la nyuma likichelewa lisubiriwe saa nzima. Mimi nakataa. Wewe unasemaje?"

Alikaribia kusema alichokiona wodini. Akasita. "Sina hakika. Kaa, tutafute."

Walisoma pamoja, wakabishana kidogo, wakapata: nusu saa, si saa nzima. Kisha wenzake wakamwita msichana kutoka getini, akaaga akakimbia. Shangazi aliweka alama kwenye ukurasa, akafunga kitabu, akashika njia ya nyumbani peke yake.