Bustani Iliyovuka Mto

Mvua za Januari, mwaka uliofuata Kombe la Dunia la South Africa, ziliujaza mto Umgeni mpaka ukachimba njia mpya nyuma ya bustani yangu. Maji yalipopungua nilikuta lengalenga zangu, mchicha wetu wa nyumbani, zimesimama vizuri, ila ziko ng'ambo. Njia ya zamani ilijaa mchanga, na bustani yangu ikaungana na ya Papa Séverin, Mkongomani ninayeimba naye kwaya mtaani Overport. Alikuwa katikati ya mboga zangu, jembe begani, anatabasamu kama bwana harusi.

"Pole, Mama Cédric!" alipaza sauti. "Lakini unajua coutume ya Ruzizi, desturi yetu: mto ukihama, shamba ni la upande lilikoangukia. Sasa iko upande wangu."

Naijua sana. Kwetu mto Ruzizi ndio mpaka: huku Burundi, kule Kongo. Nilipokuwa mdogo mto ulihama, shamba letu la mpunga likabaki kule. Baba alisimama ukingoni akiwatazama watu wakivuna alichopanda yeye. Hakusema neno, alivua kofia tu, kama yuko msibani. Kimya kile kinaniudhi mpaka leo.

Nikakaza kitenge, nikaingia majini.

"Mama, usivuke! Maji iko nguvu!"

Yalinifika kiunoni, na mchanga ukawa unanitoroka chini ya miguu. Niliogopa, sikatai. Lakini nilikuwa nimeapa sitasimama ukingoni.

Nilipanda ng'ambo nikichuruzika maji. "Papa Séverin, nionyeshe mpaka."

"Si huo mto?"

"Kule ni South Africa, huku ni South Africa. Mimi na wewe tunapanga foleni moja ya makaratasi. Wenyeji wanatuita sote makwerekwere, wageni tu, hawaulizi nani Mrundi, nani Mkongomani. Halafu wewe unanipimia mpaka?"

"Eish, mama. Coutume ni coutume."

"Coutume ilimnyamazisha baba yangu. Mimi hainiwezi. Toka kwenye mboga zangu!"

Alinitazama, akautazama mto niliotoka kuuvuka. Akatoka taratibu, akikwepa mashina, kisha akavua kofia.



"Rudisha kofia kichwani," nilimwambia, nikiinama kukata. "Hapa hakuna aliyekufa. Njoo unishikie mafungu, tuvuke."