Belma Akalia Mikono Yake

Kiharusi kiliupiga mkono wangu wa kushoto msimu wa baridi, na tangu hapo nyumba nzima ikanishika kama yai. Mkwe wangu Senada ananifunga vifungo, mwanangu ananikatia mkate. Na kahawa, niliyowapikia wageni katika nyumba hii ya mjini Tuzla miaka arobaini na minne, sasa jirani yangu Razija anajipikia mwenyewe jikoni kwangu. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa.

Mbaya zaidi alikuwa mjukuu wangu Belma. Alikuwa anajiandaa kuingia chuo cha tiba kwa vitendo, fani ya kumfundisha mgonjwa kuvaa, kupika na kuoga mwenyewe tena. Nafasi zenyewe chache, na kwenye usaili angeulizwa amemsaidiaje mgonjwa wa kweli. Basi akanichagua mimi. Kila asubuhi ananisomea daftari lake, "mgonjwa ajitegemee", huku ananivisha soksi.

"We mtoto," nikamwambia, "nitajitegemea vipi na mguu wangu umeushika wewe?"

"Bibi, unachukua muda mrefu mno. Roho inaniuma kukuangalia."

"Basi ikuume. Kalia mikono yako."

Akaikalia kweli. Soksi moja ilinichukua dakika kumi na moja, naye anajiuma midomo. Kesho yake, vifungo. Wiki ya tatu, kahawa: birika la shaba likateleza mezani, kahawa ikaruka hadi kwenye pazia jipya la Senada. Belma hakuinuka. Aliuliza tu, "Tukitandika kitambaa kibichi chini yake, si litatulia?" Nikatandika, likatulia.

Siku ya usaili alirudi amenuna. "Wenzangu wametaja mambo kumi kumi waliyowafanyia wagonjwa. Mimi nikasema nilikalia mikono. Wakacheka, Bibi. Nimekwisha."

Wiki nzima nilijilaumu. Mimi ndiye niliyemponza mtoto wa watu.

Ijumaa majina yakatoka. Belma alikuwa wa pili. Senada akalia kwa furaha, Razija akaja mbio na sahani ya vitamu vya baklava, na wote wawili wakaelekea jikoni kupika kahawa.

"Kaeni chini," Belma akasema. "Mwenye nyumba atapika."

Nikapika, taratibu, nikamwaga kidogo. Nilipogeuka na kikombe cha kwanza, wote watatu, hata Razija, walikuwa wamekalia mikono yao.