Mstari wa Tano

Mama mwenzangu, mimi nimeishia darasa la saba, lakini haya nayaandika kwa mkono wangu. Yasome kabla hujalipiza kisasi kwa ajili ya mtoto wako.

Binti yangu alifanya kazi kwa mpiga picha tuliyemwita Bwana Pozi. Pozi lilikuwa lake, kazi ilikuwa ya binti. Binti ndiye aliyejifungia chumba cha giza kutengeneza slaidi za nyeusi na nyeupe, zile za kuonyeshwa ukutani kwa projekta. Slaidi hizo hazina negativu. Filamu ile ile iliyotoka kwenye kamera ndiyo hugeuzwa kwa dawa ikawa picha. Ukiiharibu, basi tena.

Siku moja alikuwa anachanganya dawa ya kufutia, ambayo ina tindikali. Tindikali ndiyo humiminwa kwenye maji, taratibu, si maji kwenye tindikali. Bwana Pozi na haraka zake akamwambia, "We mwaga maji humo humo, kwani unapika uji?" Akamwaga. Ikamrukia. Nililetewa mtoto mikono imefungwa bandeji, macho yamezibwa pamba. Daktari akasema ataona, tungoje wiki mbili. Bwana Pozi hata pole hakuleta.

Alikuja siku ya tisa, kwa shida zake. Maonyesho yamekaribia, filamu moja haijasafishwa, na hatua hazijui.

"Shikamoo mama. Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa hakuoni, ila anakusikia."

Binti akakubali kumwandalia hatua. Karatasi ataifuata kesho. Alipotoka nikafoka, "Mwanangu, huyu?"

"Mama, picha za filamu ile nilipiga mimi. Ameahidi kuweka jina langu."

Ahadi ya Bwana Pozi! Nikasonya.

Kalamu hawezi kushika, kwa hiyo yeye akataja, mimi nikaandika. Moja, dawa ya kwanza. Mbili, suuza. Tatu, dawa ya kufutia. Nne, dawa ya kutakasa.

"Tano, afungue kopo lenye filamu, aimulike kwa balbu, kila upande dakika moja. Asipoimulika, dawa inayofuata haina cha kushika, na ile ya mwisho itakomba kila kitu."

Kalamu ikasimama. Kisasi kimeingia nyumbani kwangu chenyewe, hata hodi hakikupiga. Sikuuandika mstari ule. Namba tano nikaipa dawa iliyofuata.

"Nisomee, mama."

Nikamsomea zote, na ile ya balbu nikaisoma kwa sauti kuliko zote, ingawa kwenye karatasi haikuwepo.

Wiki ile nilipika huku naimba. Nikimwosha mwanangu, nikiona ngozi ya vidole ilivyochubuka, najiambia: ngoja Bwana Pozi, na wewe utachubuka.

Pamba zikatolewa machoni, mtoto akaona. Siku mbili baadaye Bwana Pozi akaingia, akatupa filamu mezani pamoja na ile karatasi ya hatua. Nyeupe pe kama kioo, maua ya kitambaa cha meza yanaonekana chini yake.

"Nimefuata karatasi yenu neno kwa neno," akasema. Pozi lote limemtoka.

"Kwani ulikuwa unapika uji?" nikamuuliza. Nakwambia, nilisikia utamu mpaka kwenye meno.

Akatoa mfukoni tangazo la maonyesho, limeshachapwa. Juu kabisa, herufi kubwa, jina la binti yangu peke yake. La Bwana Pozi lilikuwa chini, dogo, kama la mwenye ukumbi.

Binti akaichukua ile karatasi. Akapitisha kidole chenye bandeji mstari kwa mstari, kama nilivyomfundisha kusoma alipokuwa mdogo. Kikafika kwenye tano. Kikakaa.

"Mama. Balbu iko wapi?"

Bwana Pozi akanitazama. Mimi nikatazama maua ya kitambaa.

Mikono ya binti imepona sasa, na kazi amepata kwingine. Tunaishi vizuri, hanitukani, hajanihama. Ila nikimwekea chai nikamwambia ina sukari, anaonja kwanza.