Vigingi vya Mzee Akida

...simama, fundi Marselino, watu wakuone, anasema Katekista Pantaleo pale mbele, mkono kaunyoosha kwangu, na makofi, jamani, makofi yote haya, tetemeko la Alhamisi limelaza ukuta wa shule na jiko la masista lakini paa la kanisa limebaki, wabeja sana, asante sana, fundi, ananong'ona mama Bernadina nyuma yangu, wabeja, nami nimeganda kwenye benchi kwa sababu natazama juu, kenchi ya tatu inayobeba paa, juu ya kwaya, ufa umeanzia kwenye msumari ukafuata mti, jana haukuwapo... acha uongo, Marselino, jana ulipanda ngazi peke yako ukauona, ukaushindilia gundi na unga wa mbao usionekane, na leo umefunguka tena, loo, aibu gani hii... kenchi mbili za madhabahuni hazina hata alama, zile ni za Mzee Akida, hakutia msumari hata mmoja, alitoboa kwa keekee akapigilia vigingi vya mninga, taratibu, kimoja kimoja, nchi hii inatikisika, mwanangu, alisema, mti uache ucheze kidogo, ukiubana kwa chuma utapasuka, nikamcheka, mzee wa Shinyanga na vijiti vyake, Pasaka imebaki wiki tatu, Askofu anakuja, nikamwendea Pantaleo nikamwambia, kwa mdomo huu huu unaopokea komunyo, huyu mzee anatuchelewesha, halafu hata si mtu wa dini yetu, paa la kanisa atalijalia nini... kesho yake wakamwondoa. Hakugomba. Alifunga sanduku lake kwenye keria ya baiskeli, akaniachia gunia la vigingi alivyokwisha kuchonga, haya, fundi, hivi vitakutosha kwa kenchi zilizobaki, kazi njema... nikavichemshia chai. Vilikuwa vikavu, viliwaka vizuri, chai ikachemka upesi, nikapiga misumari ya inchi sita siku nne nikamaliza, nikaitwa fundi mkuu, miaka kumi na moja naitikia, naam, ndiye mimi... simama basi, mbona unaona haya, anasema Pantaleo, watu wanacheka, wanadhani ni unyenyekevu, ee Mungu wangu, wanauita unyenyekevu... na chini ya ufa, mstari wa pili, kitambaa cha njano, ni Generosa wangu, anampigia baba yake makofi kuliko wote... nikisema nitakuwa nani, nani ataniletea hata stuli niunge mguu, hilo ndilo lililoninyima usingizi, jina, si paa, jina, na mwanangu nimemkalisha chini ya jina langu, mshenzi mimi, mshenzi kabisa... mpiga ngoma anaiweka ngoma sawa magotini, wataimba sasa, watacheza, na mti ule... makofi hayajakoma, mkono wa Pantaleo bado umenyooshwa, magoti yangu yanainuka yenyewe, nao wanashangilia zaidi, wanadhani naenda kupokea shukrani, nitaanza na Mzee Akida, nitasema lile la vigingi, lile la chai... hapana, hayo baadaye, nitayasema yote, kwanza kwaya, kwanza Generosa, usipige ngoma hiyo, tokeni hapo, mwanangu, tokeni.